Kadi za Pokémon: Charizard kafika uhai 330, lakini nguvu imejificha kwingine

Weka Charizard wawili mezani, ubavu kwa ubavu. Wa kwanza ni yule wa seti ya mwanzo kabisa, iliyotoka Japani Oktoba 1996 na kuuzwa kwa Kiingereza kuanzia Januari 1999. Uhai wake 120. Pigo lake, Fire Spin, linatoa 100, linadai nishati nne za moto, na kila akipiga anatupa mbili. Wa pili ni Charizard ex wa Obsidian Flames, seti ya Agosti 2023. Uhai 330. Pigo lake, Burning Darkness, linaanzia 180 na linadai nishati mbili tu, tena hatupi hata moja.

Ukiishia hapo utasema watengenezaji wameingiwa na tamaa: kila mwaka namba inapandishwa ili kadi za mwaka jana zionekane takataka na wewe urudi dukani. Lawama hiyo husikika kila seti mpya ikitoka, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu hapa. Kadi zenye nguvu za kupindukia katika mchezo huu hazina uhai hata mmoja ulioandikwa juu yake, na nyingi zilichapishwa siku ile ile alipozaliwa Charizard wa kwanza. Majina yake ni Professor Oak, Computer Search, Item Finder, Super Energy Removal. Miaka yote iliyofuata imetumika kuzitafutia kufuli.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: deki ni kadi 60, na jina moja haliruhusiwi kuzidi kadi nne, isipokuwa nishati za msingi. Unaanza na kadi saba mkononi na unatenga sita kifudifudi, hizo ndizo zawadi. Ukimwangusha Pokémon wa mwenzako unachukua zawadi moja. Anayemaliza zawadi zake sita kwanza ameshinda. Vilevile unashinda mwenzako akibaki hana Pokémon mezani, au zamu yake ikifika na hana kadi ya kuvuta. Nishati unaambatisha moja tu kwa zamu. Sheria hiyo ya mwisho ishike vizuri, maana kadi yoyote inayoikwepa huwa ni hatari.

Seti ya mwanzo: tamu machoni, chungu mezani

Kadi 102, michoro mizuri, Charizard wa Mitsuhiro Arita akitema moto kama vile karatasi yenyewe itaungua. Kama kitu cha kuweka kwenye albamu hakuna ubishi. Kama mchezo, ni mbili juu ya tano, na mbili hizo ni kwa ajili ya ujasiri.

Mfuate huyo Charizard zamu kwa zamu. Charmander anaingia zamu ya kwanza, Charmeleon ya pili, Charizard ya tatu. Nishati nne zinahitaji zamu nne, au tatu ukichanganya Double Colorless Energy, ambayo inahesabika mbili. Uwezo wake wa Energy Burn unazigeuza zote kuwa moto. Kufikia hapo mwenzako ameshapata nafasi tatu za kucheza Energy Removal: haina sharti, nishati moja inaondoka. Super Energy Removal ni mbaya zaidi, anatupa moja ya kwake na wewe unapoteza mbili. Wala hakuna kikomo cha ngapi azicheze kwa zamu moja. Mwenye Charizard anajenga ukuta kwa tofali moja kila siku, jirani anabomoa mawili.

Ndiyo maana deki iliyotamba enzi hizo haikuwa na joka lolote. Iliitwa Haymaker, na ilijaa Pokémon wa msingi wenye uhai 70 wasiohitaji kugeuka. Toleo lake moja linaloeleweka ni hili: Hitmonchan 4, Electabuzz 4, Scyther 3 (huyu alikuja na seti ya Jungle), Professor Oak 4, Bill 4, Computer Search 3, Item Finder 3, PlusPower 4, Gust of Wind 4, Energy Removal 4, Super Energy Removal 4, nishati za kupigana 8, za umeme 8, Double Colorless 3. Jumla 60. Hesabu kadi za mkufunzi peke yake, yaani zile zisizo Pokémon wala nishati: 30. Nusu ya deki haina uhai wala haipigi.

Sasa tazama inavyoua. Hitmonchan ana pigo la Jab, nishati moja, madhara 20. Electabuzz ni dhaifu kwa aina ya kupigana, na udhaifu unazidisha mara mbili, kwa hiyo Jab inampiga 40. PlusPower ya wakati ule ilisema inaongeza 10 baada ya kuhesabu udhaifu. Weka tatu: 40 na 30 ni 70. Electabuzz kaanguka kwenye zamu ya kwanza kabisa ya mchezo, kwa nishati moja, kabla mwenyewe hajagusa kadi. Kama alianza na Pokémon huyo mmoja tu mezani, mchezo umekwisha, na kuchanganya kadi kulichukua muda mrefu kuliko kucheza.

Utauliza, nani atashika Hitmonchan, nishati na PlusPower tatu kwa mpigo? Jibu ni Professor Oak: tupa kadi zote mkononi, vuta saba. Hizo saba hazikukupa? Cheza Oak wa pili. Computer Search inamleta unayemtaka kutoka kwenye deki kwa gharama ya kutupa kadi mbili, na Item Finder inaokota kadi ya mkufunzi kutoka jalalani kwa gharama hiyo hiyo. Deki ya kadi 60 inageuka kuwa ya kadi 20, maana zilizobaki umezipitia. Uhai 70 wa Hitmonchan haukuwa na neno. Kasi ile ndiyo iliyokuwa na neno.

Kadi zile zile, kufuli mpya

Hapa ndipo mchezo huu unapostahili sifa, na ni jambo ambalo wanaohesabu uhai tu hawalioni. Watengenezaji hawakuzitupa kadi hizo. Waliziacha zilivyo, wakabadilisha mlango wa kupitia.

Professor Oak hakufa. Mwaka 2002, seti ya Expedition ilileta aina mpya ya kadi ya mkufunzi, msaidizi, yenye sheria moja: moja tu kwa zamu. Mwaka 2011 akatokea Professor Juniper. Tupa mkono wako, vuta saba. Mwaka 2014 Professor Sycamore. Tupa mkono, vuta saba. Mwaka 2020 Professor's Research, na maneno ni yale yale. Kadi iliyovuruga enzi nzima ikawa kadi ya kawaida ambayo kila anayejifunza anaipata, na kilichobadilika ni kwamba ukiicheza, huwezi kumcheza msaidizi mwingine zamu hiyo. Ghafla kuna uamuzi: nivute saba, au nimvute mnyonge wake aliyejificha benchi, nyuma ya yule anayepigana?

Kwa sababu Gust of Wind nayo ilipitia njia hiyo hiyo, ila kwa kujikwaa. Kazi yake ni kumtoa Pokémon wa mwenzako benchi na kumleta mbele apigwe. Mwaka 2011 waliirudisha kama Pokémon Catcher, kifaa kisicho na sharti, nne kwa deki. Kosa lile lile la 1996. Pokémon mdogo uliyemweka benchi ili ageuke zamu ijayo hakuifikia zamu ijayo. Akivutwa mbele, anazimwa. Deki zenye Pokémon wa hatua ya pili, wale wanaogeuka mara mbili kama Charizard, zilibanwa mbavu kwa miaka miwili. Mwaka 2013 wakaisahihisha kadi ambayo tayari imeshachapishwa: kuanzia hapo unarusha shilingi kwanza, ikiangukia upande usiofaa kadi imepotea bure. Mwaka 2014 kazi hiyo wakampa Lysandre, ambaye ni msaidizi, na tangu 2020 anaifanya Boss's Orders. Hapo ndipo ilipotulia.

Computer Search ilirudi mwaka 2012 katika Boundaries Crossed, neno kwa neno, tupa mbili utafute yoyote. Kufuli yake ilikuwa nembo ya ACE SPEC: kadi moja tu ya aina hiyo katika deki nzima. Si moja ya Computer Search. Moja ya ACE SPEC zote. Mtindo huo uliachwa kwa miaka, ukarudishwa Machi 2024 na Temporal Forces. Ni njia nzuri ya kuruhusu kadi kali bila kuifanya tegemeo, na kasoro yake inajulikana: ikikaa kwenye zile zawadi sita, umeingia vitani bila bunduki.

Energy Removal ikawa Crushing Hammer, ya kurusha shilingi, au Enhanced Hammer, inayogusa nishati maalumu tu. Double Colorless yenyewe ilivuma muda mrefu, kisha 2022 tukapewa Double Turbo Energy: nishati mbili ndiyo, lakini kila pigo linapungua 20. Hata PlusPower ya mwaka 2011 ilikuwa imebadilishwa sentensi moja, inaongeza 10 kabla ya udhaifu. Unaweza kudhani ni kuilegeza, kumbe kuna mahali iliifanya iwe kali zaidi.

Mfano ni Mewtwo-EX wa Next Destinies, 2012. Uhai 170, Pokémon wa msingi, na pigo la X Ball: 20 kwa kila nishati iliyo kwake na kwa Pokémon wa mpinzani aliye mbele. Ni dhaifu kwa aina yake mwenyewe, kwa hiyo Mewtwo kwa Mewtwo ni mara mbili. Mimina hesabu: kila mmoja ana Double Colorless moja, nishati nne kwa jumla, 80, mara mbili 160. Umepungukiwa 10. Cheza PlusPower: 80 na 10 ni 90, mara mbili 180, ameanguka. Mwaka mzima wa mashindano ulikaa juu ya tofauti hiyo ya 10. Aliyeshika Mewtwo bila PlusPower alikuwa anamwandalia mwenzake karamu.

Hesabu ya zawadi

Sasa turudi kwenye uhai, maana hauwezi kuachwa hivi hivi. Namba iliyoandikwa juu kulia haisemi lolote mpaka uigawe kwa zawadi anazotoa akianguka.

Mwaka 2003, na EX Ruby & Sapphire, walianza Pokémon wa EX, wanaotoa zawadi mbili. Mwaka 2019, katika Team Up, wakaja wale wa wawili-wawili kadi moja, wanaotoa tatu. Pikachu & Zekrom-GX ana uhai 240; gawa kwa tatu, ni 80 kwa zawadi. Mewtwo-EX ni 85. Hitmonchan wa zamani 70. Kumbe kwa miaka 20 uhai kwa zawadi ulisogea kidogo tu, huku namba kwenye karatasi ikipanda zaidi ya mara tatu. Kilichobadilika ni idadi ya mara unazopaswa kuangusha: sita zamani, tatu kwa EX, mbili kwa wale wa pamoja.

Hilo la mbili ndilo tunalolilaumu. Mchezo wa kuangusha mara mbili hauna katikati. Anayepiga kwanza pigo kubwa anabakiza moja, na kosa dogo la zamu ya pili halirekebishiki. Enzi ya VMAX iliyofuata mwaka 2020 iliongeza uhai bila kuondoa tatizo: Charizard VMAX wa Darkness Ablaze, uhai 330, pigo la 300, zawadi tatu. Kwa zawadi ni 110. Bado mbili na mchezo umekwisha.

Kisha kasi ikahamia upande mwingine. Arceus VSTAR wa Brilliant Stars, 2022: uhai 280, zawadi mbili, yaani 140. Charizard ex wa 2023: 330 kwa zawadi mbili, 165. Huo ndio mpando wa kweli, na haukutokea kwenye namba iliyoandikwa, kwa sababu 330 ilikuwepo tangu 2020. Ulitokea kwenye sheria ndogo iliyo chini ya kadi. Ili kumshinda mwenye Charizard ex kwa kumfuata yeye tu, unahitaji madhara 990. Mwenye VMAX ulihitaji 660. Mtu anayelalamika uhai umepanda aanzie hapo, si kwenye michoro.

Na inaelekea watengenezaji wameliona. Mfululizo wa Mega Evolution ulioanza Septemba 2025 umerudisha zawadi tatu kwa Pokémon wake wakubwa. Mega Lucario ex ana uhai 340, na kwa zawadi ni 113 na kitu. Namba juu, thamani chini. Ukimwona mtoto dukani anachagua kadi kwa kuangalia uhai peke yake, mwonyeshe mgawanyo huo.

Charizard ex, hatua kwa hatua

Deki ya Charizard ex ni ya kujifunzia na ni nzuri, ila haisamehi uvivu wa kupanga. Zamu ya kwanza kazi yako ni kuweka Charmander angalau wawili na Pidgey mmoja benchi. Zamu ya pili, Rare Candy inamrusha Charmander mpaka Charizard ex bila kupita katikati. Kumbuka Rare Candy haitumiki kwa Pokémon aliyeingia zamu hiyo hiyo. Kabla ya sahihisho la 2011 ilitumika, na deki za wakati huo ziliitumia vibaya. Akigeuka tu, uwezo wake wa Infernal Reign unapekua nishati za moto hadi tatu kwenye deki na kuziambatisha popote unapotaka. Ile sheria ya nishati moja kwa zamu imekwepwa tatu kwa mpigo, na hujatumia hata ile ya mkononi. Mbili mpe yeye, ya tatu mpe Charmander wa pili.

Linganisha na yule wa 1999 aliyekuwa anasubiri zamu ya tatu au ya nne huku akinyofolewa nishati. Tofauti kati ya hao wawili haiko 120 na 330. Iko kwenye zamu mbili alizookoa.

Pigo lake linaongezeka 30 kwa kila zawadi aliyochukua mpinzani. Kwa hiyo 180, 210, 240, 270, 300, na akishachukua tano, 330, ambayo ni uhai kamili wa Charizard ex mwenzake. Hii ni kadi iliyotengenezwa ili anayeshindwa arudi. Vita vya Charizard kwa Charizard vinaamuliwa na nani alikubali kupoteza kwanza. Usimwangushe mapema bila kuhesabu: kila zawadi unayochukua unamnolea kisu. Akiwa amechukuliwa zawadi nne na ana Defiance Band, kifaa kinachoongeza 30 ukiwa nyuma kwa zawadi, anafika 330 zawadi moja kabla ya wakati. Wengi wanaangukia hapo, wamehesabu kadi na wakasahau kifaa.

Pidgeot ex wa seti hiyo hiyo ndiye turufu halisi ya deki. Uhai 280, na uwezo wa Quick Search: kila zamu, pekua deki, chukua kadi yoyote. Hutupi kitu. Ni Computer Search ya kila zamu, bila gharama. Kufuli yake ni kwamba ni hatua ya pili, unahitaji Pidgey aliyekaa zamu nzima na Rare Candy ya pili, na Quick Search haitumiki zaidi ya mara moja kwa zamu hata uwe na Pidgeot wawili. Inatosha? Kwa maoni yetu, kwa shida. Kadi inayopata chochote kila zamu inafanya michezo ifanane, na baada ya Pidgeot kusimama unacheza dhidi ya mtu ambaye hakosi.

Ukitaka dawa yake, angalia mashindano ya dunia ya Honolulu, Agosti 2024. Fernando Cifuentes wa Chile alishinda kwa Iron Thorns ex. Uhai 230, pigo la 140, namba za kawaida kabisa. Lakini akiwa mbele, Pokémon wote wenye kisanduku cha sheria chini ya kadi, kama ex, kwa pande zote mbili, wanapoteza uwezo, isipokuwa wale wa jamii ya Future, ambayo yeye mwenyewe yumo. Infernal Reign kimya. Quick Search kimya. Mchezo ukarudi kwenye nishati moja kwa zamu, na yeye alikuwa amejiandaa kucheza hivyo.

Walipokosea

Makosa mawili ya kuandikiwa. Slowking wa Neo Genesis, Desemba 2000: uwezo wake ulikusudiwa kufanya kazi akiwa mbele tu, tafsiri ya Kiingereza ikalisahau sharti hilo, kwa hiyo watu wakajaza benchi nao na kila kadi ya mkufunzi ya mpinzani ikawa ya kubahatisha. Ikabidi ifungiwe. Sentensi moja iliyodondoka njiani.

Lysandre's Trump Card ya 2014 ni kosa la aina nyingine, na linafundisha zaidi. Ilirudisha jalala lote kwenye deki, kwa wachezaji wote. Inasikika kama hisani. Lakini seti ya Roaring Skies, 2015, ilileta Shaymin-EX, ambaye ukimshusha benchi unavuta mpaka uwe na kadi sita, na hakukuwa na kikomo cha wangapi kwa zamu. Kuvuta deki nzima kuna hatari ya kuishiwa. Hiyo ndiyo breki. Trump Card iliing'oa breki. Ikafungiwa 2015.

Fuata uzao wa Shaymin uone kufuli zinavyoongezwa. Crobat V wa 2020: vuta mpaka sita, lakini uwezo huo mara moja tu kwa zamu. Fezandipiti ex wa 2024: vuta tatu, lakini endapo tu Pokémon wako aliangushwa zamu iliyopita ya mpinzani. Wote watatu ni zawadi mbili zimekaa benchi zikisubiri Boss's Orders.

Na kuna jambo la nani anaanza. Mwaka 2011 anayeanza aliruhusiwa kupiga zamu yake ya kwanza. Tangu enzi ya XY hapigi. Tangu Sword & Shield, 2020, hachezi hata msaidizi. Sheria mbili hizo zimefanya kazi kubwa kuliko kadi yoyote iliyofungiwa, na hakuna aliyeuziwa pakiti ili azipate.

Kununua, na ya kuangalia

Usinunue kadi ya kuchezea bila kutazama herufi ndogo chini kushoto. Hiyo ndiyo inayosema kama inaruhusiwa kwenye mashindano ya kawaida. Aprili 2025 herufi F iliondoka, ikaenda na Arceus VSTAR, Double Turbo na ndugu zao. Mwenye kuuza hatakwambia. Bei ya chini ndiyo itakayokwambia.

Pakiti za Kiingereza zina kadi kumi, na tangu Scarlet & Violet ya 2023 angalau tatu zinang'aa. Nzuri kwa furaha, mbaya kwa kujenga deki: ukihitaji Rare Candy nne, zinunue nne moja moja. Deki za mashindano ya dunia zinazouzwa kama kumbukumbu, zenye mgongo tofauti, haziruhusiwi mashindanoni lakini kwa kucheza nyumbani na kuonja enzi mbalimbali hazina mpinzani. Kiswahili hakuna. Kifaransa kipo, na kwa msomaji wa Bukavu au Bujumbura hilo linaokoa ubishi mwingi, kwa sababu mchezo huu unachezwa kwa kusoma neno kwa neno.

Za bandia zinajulikana. Kadi halisi ina tabaka jeusi katikati ya karatasi, unaliona kama uzi ukitazama ukingo kwa makini. Ukimulika tochi ya simu kwa nyuma, ya bandia kwa kawaida inapitisha mwanga mwingi zaidi. Uhai wa ajabu ajabu kwenye kadi ya kawaida nao ni dalili. Kwa wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, unyevu ni adui: kadi inayong'aa inajikunja kwa sababu karatasi inanyonya maji na utando wa juu haunyonyi. Kadi iliyojikunja inatambulika ndani ya deki, na mwamuzi anaweza kuihesabu kama kadi yenye alama. Kadi ni milimita 63 kwa 88, tafuta mifuko ya 66 kwa 91, na weka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu ndani ya kasha.

Pokémon TCG Pocket ya simu, iliyotoka Oktoba 2024, ni mchezo mwingine: kadi 20, pointi tatu, nishati inakuja yenyewe. Ni bure na unaeleweka haraka. Misty wake, anayerusha shilingi mpaka ashindwe na kutoa nishati ya maji kwa kila ushindi, ni Rain Dance (uwezo wa Blastoise wa seti ya mwanzo wa kuambatisha nishati nyingi za maji) ya wavivu; unaweza kushindwa kabla hujacheza. Ukitaka mchezo kamili bila kutoa senti, Pokémon TCG Live ndiyo ya kufungua.

Ukitaka kuionja tofauti kwa mkono wako, chapisha ile Haymaker ya hapo juu kwenye karatasi, ziweke kwenye mifuko mbele ya kadi za nishati, uchape mbili, mcheze wawili mara tano kwa sheria za zamani. Kisha mcheze tano nyingine mkiwa mmebadilisha kitu kimoja: Professor Oak na Bill wahesabiwe kama wasaidizi, mmoja kati yao kwa zamu. Hitmonchan bado ni wa uhai 70 na Jab bado ni 20. Hesabuni tu ni mara ngapi Electabuzz anaanguka zamu ya kwanza.